Magofu ya Ufukweni: Kanisa la Carthage na Maswali Linayotuachia



Kila mwaka, jua la kiangazi linapowaka kaskazini, watu wengi hufunga mizigo yao na kuelekea kwenye fukwe za Bahari ya Mediteranea. Wengine huenda Ugiriki, wengine Italia, wengine Tunisia. Wanatafuta mambo mawili: miji mizuri ya pwani na magofu ya kale. Wengi wetu hapa Kongo hatujaikanyaga pwani hiyo, wala hatuna nauli ya kutufikisha huko. Hata hivyo, historia inaturuhusu kusafiri bila tikiti. Basi na tusafiri, na safari yetu tuielekeze kwenye ukingo wa kusini wa bahari hiyo, ulio ukingo wa Afrika. Huko tutakuta mawe ambayo, tukijua kuyasoma, yanasema nasi mambo mazito.

Carthage iliyo kando ya bahari

Kutoka Tunis, mji mkuu wa Tunisia, kuna reli ndogo inayofuata pwani hadi La Marsa. Ilifunguliwa mwaka 1872, na hadi leo inabeba wanafunzi, wachuuzi na wageni. Vituo vyake vina majina ya ajabu: kimoja kinaitwa Carthage Byrsa, kingine Carthage Hannibal, kwa heshima ya jemadari aliyewavusha tembo wake milima ya Alpi ili kuishambulia Roma. Mbele kidogo ni Sidi Bou Said, kijiji kilichojengwa juu ya jabali, kuta zake nyeupe na milango yake ya buluu, chini yake ghuba ya Tunis. Hapo ndipo watalii hupenda kunywa chai na kupiga picha. Lakini sisi tushuke mapema, kwenye mji wa Carthage wenyewe.

Mapokeo ya kale husema kwamba Carthage ilianzishwa mwaka 814 kabla ya Kristo na Wafoinike, mabaharia waliotoka Tiro, mji ule unaotajwa mara nyingi katika Biblia. Mji ulikua, ukatawala biashara ya bahari, ukapigana na Roma vita vitatu virefu. Mwaka 146 kabla ya Kristo Warumi waliushinda, wakauchoma moto, na wakazi waliobaki hai wakauzwa utumwani. Wengi wamesikia kwamba Warumi walimwaga chumvi juu ya ardhi yake ili isiote kitu tena. Waandishi wa kale hawasimulii jambo hilo. Ni hadithi iliyozuka katika nyakati zetu. Kilichotokea kwa kweli ni kinyume: miaka kama 100 baadaye Warumi wenyewe waliujenga upya, ukawa mji mkuu wa jimbo lao la Afrika na mmoja wa miji mikubwa ya dola nzima.

Kando kabisa ya maji yapo mabaki ya nyumba za kuogea zilizojengwa katika karne ya 2, wakati wa Kaisari Antonino. Leo mgeni huona vyumba vya chini tu na nguzo chache zilizosimamishwa tena, nyuma yake bahari yenye rangi ya samawati. Lakini ukubwa wa misingi hiyo unatosha kumnyamazisha mtu. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi za Zaghouan kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa kilometa kama 130. Matao ya mfereji huo yangali yanaonekana mashambani.

Mgeni huuliza: kama mji ulikuwa mkubwa hivyo, kwa nini kilichobaki ni kidogo hivi? Jibu ni kwamba mawe ya Carthage yalisafiri. Nguzo zake zilichukuliwa kujengea misikiti mikubwa ya Tunis na Kairouan, na marumaru yake ilivushwa hata ng'ambo ya bahari. Kwa karne nyingi, mtu aliyehitaji jiwe zuri alikuja kulichukua hapa. Magofu huisha polepole, jiwe baada ya jiwe.

Wanawake wawili uwanjani

Tukiiacha bahari na kwenda bara kidogo, tunafika penye shimo pana la mviringo, limezungukwa na misonobari. Huo ndio uliokuwa uwanja wa michezo ya damu. Wageni wengi hawakai hapo muda mrefu, kwa maana hakuna mengi ya kuona. Kwetu sisi, ni mahali pa kuvua viatu.

Tarehe 7 Machi mwaka 203, katika mji huu, kikundi cha wakatekumeni pamoja na mwalimu wao waliuawa mbele ya umati. Siku hiyo ilikuwa ya sherehe ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari Septimio Severo. Tukumbuke pia kwamba Kaisari huyo alizaliwa Leptis Magna, mji mwingine wa pwani hii hii, katika nchi ya Libya ya leo. Waliohukumiwa walikuwa watu wa Afrika, na aliyevaa taji la Roma alikuwa mzaliwa wa Afrika.

Kati ya wafiadini hao alikuwamo Perpetua, mwanamke wa ukoo wenye heshima, mwenye umri wa miaka kama 22, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa kiume. Alikuwamo pia Felisita, mtumwa, mwenye mimba ya miezi minane. Perpetua aliandika habari za kifungo chake kwa mkono wake. Maandishi hayo yametufikia, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo. Ndani yake hatukuti mtu asiye na moyo wa nyama. Anaeleza giza la gereza lililomtisha, joto la msongamano, wasiwasi juu ya mtoto wake. Anaeleza jinsi baba yake mzee, asiyekuwa Mkristo, alivyomjia akimbusu mikono na kumsihi aihurumie familia. Perpetua alimhurumia, lakini hakukana. Felisita alijifungua binti gerezani, na mtoto huyo akachukuliwa na Mkristo mwenzake akamlea kama mwanawe. Siku chache baadaye mwanamke huyo wa ukoo bora na mwanamke huyo mtumwa waliingia uwanjani pamoja. Hayawani alipowaangusha, Perpetua aliinuka, akamwendea Felisita, akamshika mkono na kumsimamisha. Desturi za Roma zilikuwa zimewatenganisha kwa ukuta mrefu. Mbele ya umati ule ukuta huo haukuonekana tena.

Majina yao tunayasikia hata leo, padri anaposoma Sala ya Ekaristi ya kwanza. Baada yao Carthage ilimpata Sipriani, askofu aliyewaongoza waamini wake kuwatunza wagonjwa wakati wa tauni, akakatwa kichwa tarehe 14 Septemba mwaka 258. Tukisikia mtu akisema kwamba Ukristo ni dini iliyoletwa Afrika juzi tu pamoja na wakoloni, tukumbuke tarehe hizo. Carthage ilikuwa na wafiadini kabla nchi nyingi za Ulaya hazijasikia jina la Yesu.

Hippo, bandari ya Augustino

Tukifuata pwani kuelekea magharibi na kuvuka mpaka wa Algeria, tunafika Annaba. Pembeni ya mji wa leo yamelala magofu ya Hippo: soko, barabara za mawe, sakafu za picha za vijiwe, na misingi ya basilika. Hapa Mtakatifu Augustino alikuwa askofu kwa zaidi ya miaka 30. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji wa bara usio mbali sana, leo Souk Ahras. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka 430, wakati Wavandali wameuzingira mji.

Vitabu vyake vikubwa vinajulikana. Lakini kuna barua yake moja ambayo ilipotea kwa karne nyingi, ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 pamoja na nyingine. Humo Augustino anamwandikia rafiki yake Alipio juu ya wafanyabiashara ya watu waliojaa pwani ya Hippo. Watu wenye silaha waliwavamia wanavijiji wa bara, wakawateka na kuwauza, nao wafanyabiashara wakawapakia merikebuni na kuwapeleka ng'ambo. Anasimulia kwamba siku moja waamini wa Hippo walipata habari za kundi la watu waliofungwa tayari kwa safari. Wakaenda, wakawatoa watu kama 120. Hawakungoja askofu wao, kwa maana hakuwapo mjini. Kisha matata yakaanza, kwa sababu wafanyabiashara hao walikuwa na watu wakubwa wa kuwatetea.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa barua hiyo. Babu zetu waliziona safari za minyororo zilizotoka Manyema na kando ya Tanganyika, zikapita Ujiji hadi Bagamoyo na Zanzibar. Na hata leo bado kuna wenye silaha wanaovamia vijiji, na watu wakubwa wanaowatetea.

Kwa nini kanisa hili lilibaki magofu?

Sasa tunalifikia swali ambalo mtalii anaweza kulikwepa, lakini sisi hatuwezi. Mwezi wa Juni mwaka 411 maaskofu wa Afrika walikutana Carthage. Walikuwa zaidi ya 550. Fikiria, ndugu kijana: maaskofu zaidi ya 550 katika ukanda huo mmoja wa Afrika! Lakini mwaka 1053 Papa Leo wa IX alisikitika kwamba wamebaki watano tu. Mwaka 1076 Papa Gregori wa VII aliandika kwamba hawapatikani hata watatu, idadi inayotakiwa kumweka wakfu askofu mpya. Baadaye taa ikazimika kabisa. Limekuwaje kanisa la Sipriani na Augustino?

Jibu rahisi husema: Waarabu waliiteka Carthage mwaka 698, basi. Jibu hilo halitoshi. Waarabu waliiteka Misri zaidi ya miaka 50 kabla ya hapo, na bado kanisa la Wakopti lipo Misri hadi leo, lenye mamilioni ya waamini. Lazima kulikuwa na nyufa za zamani ndani ya ukuta wenyewe. Wanahistoria hawazipimi zote kwa mizani moja, lakini tatu kati yake zinastahili kutafakariwa.

Ufa wa kwanza ni mafarakano. Maaskofu wale zaidi ya 550 hawakukutana mwaka 411 kusali pamoja; walikutana kushtakiana. Karibu nusu yao walikuwa Wakatoliki, na karibu nusu Wadonati. Ugomvi ulianzia kwenye dhuluma ya mwaka 303, pale baadhi ya viongozi walipodaiwa kuwa waliwakabidhi askari Maandiko Matakatifu. Miaka mia moja baadaye wote waliohusika walikuwa wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao bado walikuwa na maaskofu wawili katika mji mmoja, altare mbili, na wakati mwingine marungu. Mwishowe serikali ya Roma iliitwa kuamua, ikatumia sheria na faini na askari. Umoja uliopatikana kwa njia hiyo haukuponya mioyo.

Ufa wa pili ni lugha. Kanisa la Afrika lilisali na kuandika kwa Kilatini, lugha ya mjini na ya watawala. Mashambani watu wengi walisema Kipuniki au lugha za Kiberberi. Augustino aliliona tatizo: alipohitaji askofu kwa ajili ya Fussala, kijiji kilicho mbali na Hippo, alitafuta padri anayejua Kipuniki. Lakini hakuna Biblia ya Kipuniki wala ya Kiberberi ya nyakati hizo iliyotufikia. Wakopti, kinyume chake, walikuwa na Maandiko katika lugha ya mkulima wa mto Nile tangu karne ya 3, na wamonaki wao waliishi jangwani kati ya watu wa kawaida. Waethiopia nao walikuwa na Biblia yao ya Kigeezi. Makanisa hayo mawili yangalipo.

Ufa wa tatu ni kuegemea nguvu za dola. Wavandali walipoiteka Carthage mwaka 439, na baadaye Waarabu, wengi wa wenye mali na wenye elimu walivuka bahari kwenda Italia au kwingineko. Waliobaki walikuwa maskini, na wachungaji wao walizidi kupungua. Kanisa lililokuwa limefungamana na miji ya Kirumi lilidhoofika pamoja na miji hiyo.

Kutoka Byrsa hadi Mpala

Historia ilirudia somo hilo katika mahali pale pale. Juu ya kilima cha Byrsa, katikati ya magofu, limesimama kanisa kubwa lenye minara miwili. Lilijengwa kuanzia mwaka 1884 na Kardinali Lavigerie, Askofu Mkuu wa Carthage na mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe. Mmoja wa mapadri wake, Alfred-Louis Delattre, alitumia maisha yake kuchimbua Carthage, na mwaka 1907 alipata vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua na Felisita.

Lakini Tunisia wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, na kanisa hilo kubwa lilionekana machoni pa wenyeji kama bendera ya mtawala. Mwaka 1930 ulipofanyika hapo Kongamano la Ekaristi kwa fahari nyingi, Watunisia wengi waliumia moyo. Nchi ilipopata uhuru, walowezi waliondoka. Mwaka 1964 kanisa hilo likakabidhiwa serikali, na mabaki ya Kardinali yakahamishiwa Roma. Baadaye ndani yake palisikika muziki wa matamasha.

Ajabu ni kwamba mbegu iliyotoka kwa Askofu Mkuu huyo wa Carthage iliota mbali na Carthage. Wamisionari wake walipitia Zanzibar na Bagamoyo, wakafika Tanganyika. Mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala, katika nchi yetu. Mwaka 1888 Kardinali mwenyewe alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mvulana mmoja aliyetekwa karibu na Timbuktu na kuuzwa, Adrien Atiman, alikombolewa na wamisionari hao, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, katikati ya Mediteranea. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akawatibu watu huko mpaka kufa kwake mwaka 1956. Na tarehe 21 Julai mwaka 1917, Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alipewa upadri: padri wa kwanza Mkatoliki wa Kongo ya sasa. Kanisa kubwa la mawe kule Byrsa halina tena waamini. Huku kwetu, watu waliofundishwa, waliotibiwa na waliopewa daraja walizaa jumuiya zinazosali hadi leo.

Bahari ile ile leo

Hatuwezi kuiacha pwani hiyo bila kusema neno juu ya wakati wetu. Kutoka fukwe za Tunisia na Libya, ambako mtalii huogelea mchana, mashua zilizojaa vijana wa Afrika huondoka usiku kuelekea Italia. Tarehe 8 Julai mwaka 2013 Papa Fransisko alikwenda kisiwa cha Lampedusa kuwaombea waliokufa maji. Miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Oktoba, chombo kimoja kilizama karibu na kisiwa hicho, na watu zaidi ya 360 wakafa. Kati yetu hakuna asiyemjua kijana aliyeondoka, au anayewaza kuondoka. Hatumhukumu, kwa maana tunajua kinachomsukuma. Lakini barua ya Augustino inatukumbusha kwamba pwani hiyo imejua kwa muda mrefu sana watu wanaofanya mwili wa mwenzao kuwa shehena, na kwamba waamini wa kawaida wa Hippo walijua pia kwenda bandarini kuwatoa.

Basi, tutakapokutana katika vikundi vyetu, tuulizane bila kuoneana haya. Ni ugomvi gani katika parokia yetu ambao waliouanzisha wamekwisha kuondoka, nasi tunaendelea kuurithi: wa kabila, wa eneo, wa kwaya na kwaya? Tangu mwaka 1988 tunayo Misale ya Kiroma kwa majimbo ya nchi yetu, na tunasali kwa Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba; je, Neno hilo limefika katika lugha ya mwisho ya kijiji cha mwisho, au limesimama mjini? Tunapochanga fedha za kanisa jipya la matofali, tunachanga kiasi gani kwa ajili ya kumsomesha katekista na kumtibu mgonjwa? Na kijana mwenzetu anayepanga kuvuka jangwa na bahari, ni nani kati yetu aliyekaa naye akamsikiliza mpaka mwisho?

Tusikimbilie kujibu siku moja. Tuanze na swali moja, lile linalotugusa zaidi, na mwezi ujao tuambiane tumefanya nini.